Mrejesho: inveta ya sola kwenye kinu kidogo cha upepo

Ndugu wataalamu, niliwauliza kama inveta ya sola ya bei nafuu (kifaa kinachogeuza umeme wa DC kuwa AC ya gridi) inaweza kuingiza kwenye gridi umeme wa kinu kidogo cha upepo kilicho juu ya paa letu, Embakasi. Inaweza, mradi isiachiwe itafute yenyewe kilele cha nguvu, kwa kuwa utafutaji huo umebuniwa kwa ajili ya jua linalobadilika polepole, ilhali upepo ukiongeza kasi maradufu nguvu yake huwa mara 8. Nilifuata ushauri wenu wa kuweka jedwali la volti na wati katika maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), ambayo husoma volti baada ya rektifaya, kifaa kinachogeuza AC ya kinu kuwa DC, na kuiamuru inveta ichukue wati zilizopangwa tu. Rota, yaani sehemu inayozunguka, haikwami tena kwa kudaiwa umeme kuliko upepo uliopo.

Kilichonishughulisha zaidi ni umeme kukatika (nasi wa Nairobi tunaujua), kwani inveta hujizima kwa usalama wa mafundi wa laini, na kinu kisicho na mzigo, yaani kitu cha kutumia umeme wake, hukimbia hadi kuharibika. Rezista kubwa inayojiunga volti zikipita kikomo na kugeuza umeme huo kuwa joto ndiyo breki yangu, na hapo sikubani matumizi.

Kuhusu umeme wa ziada, Sheria ya Nishati ya 2019 ya Kenya inaruhusu kuhesabiana na msambazaji (umeme unaompa dhidi ya ule anaokuuzia) kwa mkataba, ambao ni vyema utangulie kuunganisha.