Sauti inakwaruza nikicheza sintesaiza kwenye laptopu dhaifu, nifanyeje?

NotiNane:
Wakuu habari zenu. Nina laptopu ya zamani, prosesa ya viini viwili, RAM GB 2, ndani kuna Linux nyepesi. Nimechomeka kibodi ya MIDI (ya muziki, inatuma noti kwa kompyuta) na sauti natoa kwenye FluidSynth, programu inayogeuza noti hizo kuwa sauti. Nikipiga noti mojamoja, safi kabisa. Nikikanyaga pedali nikaanza kushika kodi (noti kadhaa kwa pamoja), sauti inakwaruza na kukatikakatika. Kinachonishangaza ni kwamba kipimo cha prosesa hakivuki asilimia 50. Bafa (fungu la sampuli za sauti linaloandaliwa kwa mkupuo) nimeiweka 64 ili sauti isichelewe. Naombeni ushauri.

BesiNzito:
Tafuta mashine nyingine mkuu, hiyo imeshachoka.

fundi_bafa:
Asitafute kitu, hiyo inatosha kabisa kwa piano.

NotiNane, hiyo 50 inakudanganya. FluidSynth usipoiambia vingine inatengeneza sauti kwa kiini kimoja tu. Kiini hicho kikijaa pomoni na mwenzake amekaa bure, wastani unasoma 50. Jaribu kuweka synth.cpu-cores iwe 2.

Halafu kadi ya sauti haina subira. Kwa sampuli 44100 kwa sekunde, bafa ya 64 inaipa programu milisekunde 1.45 iwe imemaliza hesabu za kila noti inayolia. Ikichelewa hata mara moja, ndiyo huo mkwaruzo. Kwa hiyo prosesa inaweza kupumzika sehemu kubwa ya sekunde na bado ukasikia uchafu. Weka 256, inapata milisekunde 5.8. Bafa zikiwa mbili za kupokezana unasubiri kama 11.6, na hapo vidole vya wengi wetu havilalamiki.

Pedali nayo ina yake. Piano ya stereo kwa kawaida inakula sauti mbili kwa kila noti, nyingine zaidi; sauti hapa ni mkondo mmoja wa hesabu. Kodi ya noti nne tayari ni sauti 8, ukihamia kodi nyingine mguu ukiwa chini, zile za mwanzo bado zinalia na bado zinapigiwa hesabu. FluidSynth yenyewe inaruhusu hadi sauti 256 kwa pamoja, ndiyo inaita polyphony. Shusha:

set synth.polyphony 64

Zikizidi hapo, inanyamazisha zile ambazo hazina uzito, mara nyingi zilizokwisha kufifia. Namba ndogo isikutishe, Yamaha DX7 ya 1983 ilikuwa na sauti 16 tu na watu wamerekodi nayo miaka yote hiyo.

Mwisho, anzisha programu na -R 0 -C 0 kuzima mwangwi na korasi (athari ya kunenepesha sauti).

kiziwi_kidogo:
Naongezea. Prosesa za laptopu hupunguza kasi zikiona kazi ni ndogo, na kuirudisha kunachukua muda ambao wewe huna. Ilazimishe ikae kasi ya juu wakati unapiga. Waifai zima, madereva yake mengine (programu za kuiendesha) yanashika mfumo kwa muda mrefu kuliko bafa yako. Mtumiaji wako awe kwenye kundi la audio na ruhusa ya kipaumbele cha muda halisi iwe imewashwa. Na kama uliweka sampuli 96000, rudi 44100, unajibebesha kazi mara mbili bure.

NotiNane:
Asanteni sana. Je, nipunguze na ukubwa wa SoundFont (faili yenye sampuli za ala)? Ninayotumia ni ya MB mia na ushee.

fundi_bafa:
Ukubwa wa faili unakula RAM, prosesa haihusiki sana. Kwa GB 2 hiyo inaingia, ila funga kivinjari. RAM ikijaa mfumo ukaanza kuhamishia vitu kwenye diski, hakuna bafa itakayokuokoa.

BesiNzito:
Sawa, piano mmemtatulia. Akitaka zile sauti nene za ZynAddSubFX, sintesaiza nyingine ya programu, je? Ile mimi iliniua mashine.

kiziwi_kidogo:
Inategemea injini unayotumia mle ndani. ADsynth yenye unison nyingi (nakala za sauti moja zikilia pamoja) ni mzigo, kila nakala ya unison ni hesabu mpya. PADsynth inapiga hesabu nzito kabla hujacheza, ikishamaliza inasoma tu jedwali lililo tayari. Unangoja kidogo ukibadilisha sauti, baada ya hapo mashine dhaifu inaimudu. Chagua zile.

NotiNane:
Mrejesho: bafa 256, sauti 64, mwangwi na korasi zimezimwa, viini viwili. Mkwaruzo hakuna, hata nikikanyaga pedali nisiiachie. Waifai nikiwasha unarudi mara mojamoja. Lakini piano bila mwangwi imekuwa kavu mno.

fundi_bafa:
Wakati wa kupiga vumilia ukavu. Rekodi MIDI peke yake, ukimaliza washa mwangwi urudishe polyphony juu, kisha iambie FluidSynth iandike WAV kwa -F. Hapo hakuna kadi inayosubiri, ichukue muda inaotaka.

BesiNzito:
Hiyo ya -F nachukua na mimi.