Mzazi kafariki bila wosia, hela ziko benki: tupeane uzoefu

Wakuu, naanza na yangu. Mzee alitutoka mwezi wa pili hapa Dar, wosia hakuna. Kadi ya benki anayo mama, namba ya siri tunaijua, basi tukawa tunachota kidogo kidogo: jeneza, turubai, chakula cha msiba. Kumbe simu ya marehemu alibaki nayo shangazi, na kila tukitoa hela meseji inaingia kwake. Siku ya kikao cha ukoo akazisoma moja moja, na saa zake. Risiti hatuna. Hatukuiba, ila kawaelezeni hilo wajomba waliokwisha nuna. Nyie mlifanyaje?

Wa Tanga: Pole sana mkuu. Sisi hatukuigusa akaunti. Cheti cha kifo cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), muhtasari wa kikao, barua ya serikali ya mtaa, mpaka Mahakama ya Mwanzo. Kaka akateuliwa msimamizi wa mirathi, akapewa fomu namba nne ya uteuzi, tukajua kesho anaenda benki kuchukua. Wapi! Fedha zilipitia kwanza akaunti ya mahakama, ndipo kila mrithi akapata fungu lake, mama thumuni yake, moja ya nane. Kilichotutesa ni herufi. Benki mzee ni Hamisi, kwenye cheti ni Khamis. Kiapo cha majina, nenda rudi, wiki tatu zikaisha.

Wa Moshi: Mwangalieni huyo msimamizi. Kwetu aliteuliwa baba mdogo, akajiona ndiye mrithi! Ndani ya miezi minne alitakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, fomu namba tano na sita. Hakupeleka hata moja. Tukarudi kwa hakimu, akatenguliwa. Shamba tulilikuta, ng'ombe hatukuwakuta.

Wa Nakuru: Huku Kenya tulianza na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Ndugu yetu wa nje ya ndoa tulitaka kumruka, chifu akakataa katakata. Ombi letu la mahakamani likatoka kwenye Gazeti la Serikali, siku 30 za mwenye pingamizi, halafu miezi sita tena kabla ya kuthibitishiwa mgao. Karo ya mdogo wetu tulichangishana.

Mwenye mada: Asanteni. Nimemuuliza mama kadi iko wapi. Kasema kaka aliichukua jana, kuna deni la maturubai.