Notsi za atomu zinazozungushwa WhatsApp zinapotosha watoto, hivi hamzisomi kabla ya kusambaza?

Wakuu, imetosha. Notsi za muundo wa atomu zilizojaa kwenye magrupu ni majina na miaka tu: Thomson 1897, Rutherford 1911, Bohr 1913, Chadwick 1932. Kwa nini kila modeli iliangushwa? Kimya.

Chukueni jaribio la dhahabu, lile la kurusha chembe za alfa (chembe zenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Mnaandika "Rutherford alirusha chembe za alfa, baadhi zikarudi, akagundua kiini". Kwanza, waliokaa gizani na hadubini wakihesabu vimweko kwenye skrini ya zinki salfaidi ni Geiger na Marsden, Manchester, 1909. Pili, "baadhi" ndiyo nini? Ilikuwa takriban 1 kati ya 20,000! Namba hiyo ndiyo jaribio lenyewe. Alfa ina uzito wa zaidi ya mara 7,000 ya elektroni, kwa hiyo elektroni haiwezi kuirudisha, labda kama punje ya mchele inarudisha lori. Chaji chanya kwenye modeli ya Thomson nayo ilitandazwa atomu nzima, hafifu mno kuisukuma. Basi lazima chaji yote chanya (leo tunajua dhahabu ina protoni 79) iwe imebanwa mahali padogo sana. Mtoto asiyepewa hoja hiyo anakariri tu.

Halafu michoro! Kiini kama chungwa, elektroni sentimita mbili pembeni. Kiini cha dhahabu kikiwa na upana wa sentimita 1, atomu yake ina upana wa mita 200 hivi, yaani viwanja viwili vya mpira. Daftari halitoshi, sawa, ila kuandika "mchoro haufuati skeli" nako kunawashinda?

Bohr mnamfanya ndiye mwisho wa safari. Elektroni inayozunguka kiini ingetoa mnururisho, ikapoteza nishati na kudumbukia kabla hujapepesa jicho; ndiyo sababu akaruhusu ngazi maalumu tu za nishati. Kwenye haidrojeni, kushuka ngazi ya 3 hadi ya 2 kunatoa mwanga mwekundu wa nanomita 656, hesabu inakubali. Njoo kwenye heliamu, elektroni mbili tu, hesabu inagoma. Mlinganyo wa Schrödinger wa 1926 ukafuta njia za duara, nyie bado mnazichora.

NYONGEZA: Mnaobisha huko chini kwamba gamba la tatu (ngazi ya tatu ya elektroni) mwisho wake ni elektroni 8, linabeba 18. Potasiamu ni 2,8,8,1 (elektroni za kila gamba) kwa sababu 4s, sehemu ya gamba la nne, hujazwa kabla ya 3d, sehemu ya gamba la tatu. Haya, skandiamu ni 2,8,9,2. Hiyo 9 imetoka wapi?