Familia ya Walukuba, Jinja: redio ya siku za vita

Ijumaa

Rehema, Mbale: Asalaam aleikum wote. Wazee habari za jioni. Jumapili nina kipindi cha saa nzima hapa redioni kwetu, mada ni siku moja ya redio wakati wa vita. Nimeanza na Uingereza ya 1940, Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa ratiba zao zimehifadhiwa. Lakini nataka na ya kwetu. Shangazi Mwanaidi, ile hadithi ya betri naomba uniambie vizuri.

Twaha: Dada, vita na burudani wapi na wapi? Watu wanakufa, redio inapiga muziki?

Rehema: Ndiyo mada yenyewe hiyo kaka. Ona siku yao. Saa mbili na robo asubuhi, habari zikishakwisha, dakika tano za jikoni: viazi na karoti utavipikaje, maana nyama, siagi na sukari ni kwa kadi. Saa nne na nusu muziki wa viwandani, nusu saa, na alasiri tena. Kuanzia 1941 wachekeshaji na waimbaji wakawa wanafuata wafanyakazi kwenye kantini, kipindi kinarushwa kutoka hukohuko kwenye sahani na vikombe. Usiku vichekesho, mchekeshaji Tommy Handley ndiye aliyekuwa akingojewa nyumba kwa nyumba. Saa tatu kamili kengele ya Big Ben, ile saa kubwa ya London, kisha habari.

Mama Shifa, Bombo: Kwa kadi kama esenso zetu, bidhaa za mgao, miaka ya Amin 😢 Sabuni mche mmoja, mnapanga mstari tangu alfajiri.

Baba Salim: Huo muziki wa viwandani sikubali. Nimekaa kwenye mitambo ya kufuma hapa Jinja miaka 14. Ukishaingia shedi, mtu akupigie kelele sikioni husikii. Tulikuwa tunasemeshana kwa mikono na kwa kutazamana midomo. Hao walisikiaje?

Rehema: Baba, na wao waligongana na hilohilo. Ndiyo maana bendi zilipewa masharti. Wimbo usiende polepole, sauti isishuke katikati, kwa sababu ikishuka mashine inaimeza. Na kuna wimbo mmoja wa Marekani waliuzuia kabisa. Una mahali pa kupiga makofi, basi wafanyakazi wakawa wanaacha kazi na kugonga meza kwa spana.

Baba Salim: Hapo sasa nimekuelewa. Aliyeweka masharti hayo aliwauliza watu wa mashine. Nusu saa asubuhi ingetusaidia sana sisi, mkono unachoka ile saa nne.

Mama Shifa, Bombo: Marehemu Babu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, vita hiyohiyo, akapelekwa Burma. Huku Bibi hana redio. Radio Uganda yenyewe ilianza 1954. Yeye burudani yake ilikuwa barua ikifika, karani anamsomea, na jioni anaisimulia mtaa mzima kama ameisoma mwenyewe.

Twaha: Shangazi yuko kimya leo?

Hamza: Nipo naye. Hapendi kuandika, ametuma sauti dakika sita. Bando zenu zisiishe, nawaandikia.

Hamza: Shangazi anasema: "Mwaka 1979, vita vya Amin na Tanzania, nilikuwa na miaka kumi na sita. Redio yetu ilikaa chumba cha baba, imefunikwa kitenge. Mchana tunafungulia Radio Uganda, sauti juu, jirani asikie. Hiyo ndiyo iliyotutangazia mwaka wa nyuma kwamba jeshi limechukua Kagera ya Tanzania kwa dakika 25. Usiku baba anaweka blanketi juu ya kichwa chake na redio, anazungusha polepole mpaka aipate Dar es Salaam. Mimi mlangoni, nasikiliza viatu. Askari akikukuta na Dar, hurudi.

"Betri zilikuwa za magendo, bei haisemeki. Zikichoka tunazianika juu ya bati, jioni zinapata nguvu ya nusu saa. Sasa nusu saa hiyo utasikiliza nini? Nyinyi mngesema habari. Baba alisikiliza habari, kisha mama anamwambia, tuachie muziki kidogo. Baba anaacha. Hajawahi kumkatalia.

"Januari ile Mbaraka Mwinshehe akafa kwa ajali ya gari huko Kenya. Mama alilia chini ya lile blanketi, amejiziba mdomo kwa kanga. Redio ya mchana inatuambia Tanzania ni adui, na usiku tunamlilia mwanamuziki wao. Nilikuwa mtoto lakini hapo nilijua vita hii si yetu na wale watu."

Twaha: Banange.

Mama Shifa, Bombo: Da Mwanaidi hili hukuwahi kutuambia 😭

Rehema: Shangazi, hapa nalia. Nikuongezee moja. Mwaka huo wa 1940 wasomaji wa habari wa BBC walianza kutaja majina yao, watu wazizoee sauti, adui asije akajipachika hewani. Na tarehe 15 Oktoba bomu lililipuka ndani ya jengo lao habari za saa tatu zikisomwa. Watu saba wakafa humo ndani. Msikilizaji nyumbani alisikia kishindo, kisha msomaji akaendelea kusoma.

Hamza: Amejibu hapohapo: "Ndicho ninachosema. Unataka kujua kama kuna mtu bado amekaa pale. Sisi tuliijua hali kwa muziki. Asubuhi ukifungua ukakuta nyimbo za kawaida na salamu, nenda dukani. Ukikuta brasi bendi tupu, hakuna anayesema, usifungue mlango, serikali inabadilika. 1971 ilikuwa hivyo, 1985 hivyo.

"Tarehe 11 Aprili 1979 tukasikia sauti ya Oyite-Ojok, kamanda wa Waganda waliopigana upande wa Tanzania, kwenye Radio Uganda, anasema Amin ameondoka. Hatukuizoea sauti ile. Kampala wanashangilia, sisi hapa Jinja tunachungulia dirishani, askari wa Amin bado wanapita na magari. Siku kumi na moja! Redio inasema mko huru, barabara inasema bado. Hofu yetu ilikuwa bwawa la umeme la hapa Jinja, tuliambiwa watalilipua. Baba akafunga redio kabisa, na ule ukimya ndio uliotutesa. Mama akawa anaimba yeye, nyimbo za Dar, akifagia. Wakombozi waliingia tarehe 22, bwawa zima, na mmoja wao akasimama uani kwetu anaomba maji kwa Kiswahili. Mama akamuuliza, kwenu bado wanapiga nyimbo za Mbaraka?"

Baba Salim: Nakumbuka siku hiyo. Nilikuwa upande wa daraja.

Twaha: Akajibu nini shangazi??

Hamza: Anasema yule kijana aliweka bunduki ukutani, akaimba.

Rehema: Kipindi changu kinaanza hapo. Uingereza itafuata baadaye. Shangazi, kesho naja na gari la saa kumi na mbili, nikurekodi kwa sauti yako mwenyewe.

Hamza: Anasema karibu. Redio bado iko juu ya kabati, uje na betri nne kubwa.