Wafanyakazi wa chuo na magari ya umeme: chaja, mkopo au maegesho?

Mwanakamati
Wakuu, tunataka wafanyakazi wa chuo waje kazini kwa magari ya umeme, lakini bajeti inatosha jambo moja. Tuweke chaja, tutoe mkopo wa kukatwa kwenye mshahara, au tutenge maegesho ya karibu?

FundiWaya
Chaja, ila si zile za kasi. Gari la mfanyakazi hushinda limeegeshwa saa nane. Soketi ya kilowati 2 hutoa uniti 16 hivi kwa muda huo, na gari dogo hukaribia kilomita 100 kwa hizo. Wengi hawafiki umbali huo kwenda na kurudi. Chaja ya kilowati 50 ni ghali, huenda ikadai transfoma mpya, na gari likishajaa mwenyewe bado yuko darasani anafundisha. Nani atalisogeza mwingine achomeke? Afadhali soketi nyingi za polepole.

Bi Mhasibu
Soketi zitamsaidiaje asiye na gari? Kikwazo kikubwa ni bei ya kununua. Uingereza mwajiri hukodi gari, gharama ikakatwa mshahara kabla ya kodi, na watu wameuchangamkia sana mpango huo. Pasipo na nafuu ya kodi hautavutia hivyo, lakini riba ndogo nayo husaidia.

Zamu ya Usiku
Mbona mnawazungumzia wahadhiri tu? Walinzi na wafagizi nao ni wafanyakazi. Wafikirieni kwa pikipiki za umeme: betri ya uniti 2 au 3 inajaa kabla zamu haijaisha. Jengeni banda lenye hewa na soketi zake, watu wasije wakachaji chini ya ngazi. Moto wa betri za lithiamu haudhibitiki kirahisi.

Mwanakamati
Umeme uwe bure?

FundiWaya
Hapana, tozeni kidogo. Ukiwa bure, hata mwenye soketi nyumbani atakuja kujaza kazini, na mpangaji wa ghorofani asiye na pa kuchomeka, ambaye ndiye hasa anayezihitaji, atakosa nafasi.

Bi Mhasibu
Hapo nakubali. Maegesho ya karibu yaacheni, yatawafurahisha waliokwisha kununua tu. Anzeni na soketi chache, banda la pikipiki likiwemo, na mtandaze mabomba ya nyaya ya kutosha mapema. Kuchimba lami mara ya pili ndiko kutakakomaliza fedha.