Mrejesho: ule myumbo wa jenereta nne umetulia

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini kwenye modeli yangu ya kompyuta ya jenereta nne, mbili kila upande wa laini ndefu inayobeba MW 400, umeme unayumba kwenda na kurudi kila sekunde mbili hivi, na nilipoweka PSS (kidhibiti cha kutuliza myumbo wa jenereta) ndiyo ukazidi. Mmoja wenu akasema nikague alama za kujumlisha na kutoa. Nikaona ananidharau. Kumbe! Kasi ya rota (sehemu ya jenereta inayozunguka) niliiingiza kwenye PSS kwa hasi, PSS ikawa inasukuma bembea badala ya kuishika. Nimegeuza alama, nikarekebisha na fidia ya fezi (kuwahisha ishara ya PSS), maana eksaita, inayoipa rota umeme wa sumaku, huchelewesha mwitikio. Grafu imelala ndani ya sekunde kumi.

Kupunguza geini (ukali wa mwitikio) ya AVR, kidhibiti cha volteji ya jenereta, nilijaribu pia: volteji ikawa goigoi baada ya shoti. Sikuipenda.

Na aliyenitajia 10 Agosti 1996, gridi ya magharibi mwa Marekani ilipoanguka, asante. Walipoigiza tukio lile, modeli zilionyesha myumbo unatulia; kwenye laini halisi ulikua mpaka gridi ikakatika vipande vinne. Sasa grafu yangu naiangalia kwa jicho la pembeni.