Fundi kaniuzia mtiki na faiba ya mashua, uta wangu wa kwanza umebanduka

Wadau, nina hasira na sifichi. Miezi mitatu nimeweka akiba nijenge uta wangu wa kwanza, wa matabaka ya mbao na faiba (nyuzi za kioo) mgongoni, yaani upande unaotazama shabaha, na tumboni, upande unaomtazama mpigaji. Juzi hapa Malindi, nikiuvuta mara ya kumi hivi, nikasikia "ka!" sikioni. Mkono wa juu wa uta umebanduka toka nchani hadi karibu na mshikio. Lau ningekuwa nimeuvuta hadi mwisho, ningepoteza jicho. (Kabla hamjauliza, ni wa kulenga shabaha. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977.)

Aliyeniuzia mbao ni mzee ninayemheshimu. "Mwanangu, chukua mtiki, huo ndio mti wa baharini, hauozi." Nikachukua. Kumbe mtiki una mafuta! Usipoukwaruza kwa msasa mkali na kuupangusa kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, gundi haishiki. Na gundi yenyewe akanipa resini ya poliesta, ile ya kuzibia mashua, wakati kazi hii inataka epoksi. Nimeigeuza ile faiba iliyobanduka: upande wa ndani unang'aa kama kioo, haukuondoka na hata unyuzi mmoja wa mbao. Gundi iliyoshika hung'oka na mbao.

Faiba nayo ni kitambaa cha kusuka, nyuzi zimekatizana kama mkeka. Faiba ya uta nyuzi zake hulala zote kwa urefu, kwa sababu mgongo unavutwa kwa urefu na tumbo linabanwa kwa urefu. Zile za kukatiza zinaongeza uzito tu.

Na mtu asiniletee habari za uta wa kienyeji. Wawaata, jamii ya wawindaji wa huku bara, walipiga ndovu kwa uta wa mti mmoja, na pale mti ndio kila kitu. Ukishaweka faiba, mzigo mkubwa unabebwa na faiba. Mbao za katikati kazi yao ni kuziweka faiba mbili zikae mbali na kuzizuia zisiteleze. Basi mtu anayeanza auziwe mbao kavu, nyuzi zimenyooka, unene umepimwa. Mwanzi ungenifaa kuliko mtiki huo mzuri wa kutazama.

Unene ndio ulionichoma roho zaidi. Aliniapia kwamba matabaka yote yako sawa. Nimepima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) baada ya kuvunjika, umbali ule ule kutoka mshikio: mkono wa chini milimita 9, wa juu 8.2. Mtasema ni kidogo. Ugumu haupandi sawa na unene, unapanda kwa unene mara unene mara unene; hiyo tofauti ya karibu asilimia 10 inaufanya mkono mmoja uwe mgumu kwa theluthi nzima kuliko mwenzake! Wa juu ukapinda peke yake mpaka ukaachia. Wala hakunipa hata tabaka moja linalopungua unene kuelekea nchani, na kupungua milimita 2 kwa kila mita ni jambo la kawaida kabisa kwenye uta.

Jumamosi naenda kwake na vipande vyote na kalipa yangu mfukoni. Apime mwenyewe mbele yangu, kisha anirudishie shilingi zangu 6,500. Na mwenye faiba ya nyuzi za upande mmoja, unene wa milimita 1, Malindi au Mombasa, aniandikie hapa hapa.